Nukta Chini ya Jina

Ziwani hakuna ziwa.
Kuna ukumbi wa jamii, bati limeota kutu,
na ndani, kati ya swichi ya taa na tangazo la mazishi,
jiwe lenye majina kumi na moja.
Kumi ni ya wapagazi na askari wa miguu.
La mwisho limebanwa chini kama mtu aliyechelewa:
NZUVE KITONYI, BAHARIA, MIAKA 19.

Baharia! Hapa,
mtaa ambao maji yenyewe huja Jumanne na Ijumaa, kwa mgao.

Nilisahihisha chapa miaka thelathini na mmoja:
vitabu vya hesabu, katekisimu, ratiba za treni.
Jicho langu halijui kustaafu.
Liliona kwanza pengo kati ya Z na U,
pana kupita kiasi, kana kwamba mchongaji alisita.
Ndipo nikaanza.

Nyaraka za Taifa, meza ya tatu karibu na dirisha.
Nje honi; ndani faili linakohoa vumbi.
Nzuve, mchochezi wa tanuri, meli ya kufagia mabomu.
Shilingi ishirini na nane kwa mwezi, kumi na mbili kwa mama.
Alama: kovu la moto, kifundo cha mguu wa kushoto.
Kuogelea: ndiyo.
Hiyo ndiyo imekatwa, kwa wino mwingine.
Mlipuko alfajiri.
Hakuonekana.
Neno hilo nililisoma kwa sauti, karani akainua macho.

Wiki ya pili nikampata tena,
katika daftari la makaburi la manispaa:
Nzuve Kitonyi, homa ya matumbo, Kariokor,
miaka miwili kabla ya meli kuzama.
Nikasafisha miwani.
Makosa ya chapa nayajua. Hurudia neno, huruka mstari.
Hayafi kwa homa, kisha yakazama.

Syombua, binti ya dada yao, anashona sare za shule Jericho.
Aliniambia bila kuondoa mguu kwenye pedali:
"Nzuve hakuiona bahari.
Aliyekwenda ni Mulwa, mdogo wake. Miaka kumi na mitano.
Alichukua kipande cha marehemu, akakivaa shingoni,
akatoka nyumbani mtu mzima."

Na mama?

"Mama alijua. Kila mwezi alibonyeza gumba,
akapokea pesa za aliye hai kwa jina la aliye kaburini.
Angesema, wangekata.
Siku ya kuzindua jiwe, waliposoma 'Nzuve',
alisimama, akaitika mara mbili.
Watu walidhani hasikii vizuri."

Basi, mmoja amekufa mara mbili
na mwingine hajafa hata mara moja.

Nilikuwa na barua tayari kwa kaunti, mistari sita,
hoja, ushahidi, jina sahihi kwa herufi kubwa.
Nikamsomea. Cherehani ikanyamaza.
"Ukilifuta hilo," akasema, "yule wa homa atabaki na nini?
Juu ya kaburi lake wamejenga kituo cha petroli."

Jumamosi nilirudi Ziwani.
Vijana walikuwa wakipanga viti vya harusi,
mlinzi akataka kujua kama nimetumwa na kanjo.
Nikasema nimekuja kusoma.

Katika kazi yetu, ukikata neno kisha ukajuta,
huweka nukta chini yake. Maana yake: acha lilivyo.
Nikatoa penseli.
Nukta tano chini ya Nzuve, moja kwa kila herufi,
hafifu kama chunusi za mtoto.
Kisha kando, kwenye chokaa, si kwenye jiwe,
alama ya kupachika, ile inayofanana na paa la nyumba,
na juu yake: Mulwa.

Wakipaka rangi, nitarudi.